Bei ya Uwakili: Elimu ya Sheria na Watu wa Kigoma na Ujiji tangu Enzi za Maliwali

Mwambao wa Ziwa Tanganyika umekuwa na waamuzi wa mashauri tangu zamani, lakini kwa muda mrefu haukuwa na mahali pa kuwafunzia. Aliyetaka kuijua sheria kwa kiwango cha kuaminiwa kuamua shauri la mwenziwe, au kusimama mbele ya hakimu kwa niaba yake, alilazimika kuelekea mji mwingine: Unguja na miji ya pwani ya Mrima katika karne ya 19, Tabora chini ya Waingereza, Dar es Salaam baada ya uhuru, na katika miaka ya karibuni Mwanza, Iringa, Morogoro, Dodoma au Lushoto. Kila kipindi kilikuwa na chuo chake na kila chuo kilikuwa na bei yake, na bei hiyo haikuwa ada peke yake, kwa kuwa ilibeba ndani yake nauli, miaka ya kuwa mbali na nyumbani, na ahadi alizotoa msomi kwa yule aliyemlipia. Wanaoandika juu ya vyuo vya sheria nchini Tanzania hulipita haraka jambo moja ambalo Kigoma inalionyesha wazi: kijana wa huko hakuchagua chuo kwa kulinganisha ubora wa walimu, bali alikwenda palipokuwa na wa kumlipia, kisha akabaki palipokuwa na mahakama inayohitaji mawakili, na kwa kuwa mahakama za namna hiyo zilikuwa mbali na ziwa, wengi walioondoka kwenda kusoma hawakuona riziki ya kurudia.

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, mji huo ulikuwa tayari ni kituo cha mwisho cha misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na mlango wa kuvukia kwenda Manyema, ng'ambo ya ziwa. Wenyeji Wajiji, ambao ni tawi la Waha wa ziwani, waliishi pamoja na Waswahili wa Mrima, Waarabu wa Oman na baadaye Wamanyema wengi, na biashara ya pembe, chumvi ya Uvinza, nguo na watumwa ilizaa mashauri ambayo mila ya kabila moja haikuweza kuyamaliza. Mfanyabiashara alikufa ng'ambo ya ziwa akiacha deni Tabora, mke Ujiji na watoto Bagamoyo. Washirika wawili walitofautiana juu ya mtaji uliopotelea njiani. Mambo hayo yalihitaji mtu anayesoma Kiarabu na anayeijua fikihi, yaani elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alimtambua Mwinyi Kheri, Mswahili wa Mrima aliyekuwa mkubwa wa wafanyabiashara wa Ujiji, kuwa liwali, yaani mwakilishi wake, na bendera yake nyekundu ikapandishwa. Alipofariki mwaka 1885, nguvu zikahamia kwa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza.

Elimu ya kadhi wa zama hizo haikuwa na ada iliyoandikwa popote. Mwanafunzi alikaa kwa sheikh, akamtumikia, akasoma kitabu kimoja baada ya kingine mpaka akapewa ijaza, ambayo ni idhini ya kufundisha kile alichokisoma. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio waliokuwa wengi miongoni mwa Waswahili, kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi kilikuwa nguzo ya masomo hayo, ilhali watawala wa Kiomani walifuata madhehebu ya Ibadhi. Gharama halisi ilikuwa safari. Msafara wa kutoka Ujiji hadi pwani ulichukua miezi, na mwenye kuondoka akiwa kijana alirudi akiwa mtu mzima, kama alirudi. Kuenea kwa tarika ya Kadiria barani, ambako kulifika Tabora na Ujiji, kulipunguza gharama hiyo kwa kuwaleta masheikh karibu na wanafunzi, na huenda hakuna mabadiliko mengine ya karne ile yaliyoifanya elimu ya hukumu ipatikane kwa bei nafuu kiasi hicho ziwani. Kwa upande wa Waha wa nyanda za juu, katika tawala za Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo, mambo yalikuwa mepesi zaidi: mwami na watwale wake, yaani watawala wa chini yake, walisikiliza mashauri hadharani, na maarifa ya kuamua yalipatikana kwa kukaa barazani na kusikiliza wazee, ingawa milango ya madaraka yenyewe ilifunguliwa na ukoo.

Wajerumani, waliojiimarisha Ujiji katikati ya miaka ya 1890, waliuchukua mfumo wa maliwali na maakida wa pwani wakautandaza bara. Neno shauri likawa jina la kikao ambacho ofisa wa boma alisikiliza malalamiko akisaidiwa na wazee na mkalimani, na adhabu ya viboko, iliyokumbukwa kwa jina la hamsa ishirini, ikawa sehemu ya hukumu. Aliyetaka cheo katika mfumo huo hakuhitaji sheria bali hati safi na hesabu, mambo yaliyofundishwa katika shule za serikali, hasa ile ya Tanga iliyofunguliwa mapema miaka ya 1890. Reli ya Kati ilipofika Kigoma Februari 1914, bandari ya kina kirefu ya Kigoma ikaipokonya Ujiji nafasi yake, na umbali wa miezi kutoka ziwani hadi Dar es Salaam, takriban kilomita 1,250, ukawa wa siku chache. Tangu hapo habari za elimu ya sheria Kigoma haziwezi kutenganishwa na behewa la treni.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaleta Wabelgiji, walioishika Kigoma kuanzia Julai 1916 hadi Machi 1921, wakaacha kituo cha bandari kilichoihudumia Kongo kwa miaka mingi baadaye. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wakijenga mfumo ambao athari yake ipo hadi leo. Amri ya mwaka 1920 iliunda Mahakama Kuu yenye makao Dar es Salaam, ikaingiza sheria za Uingereza, na pamoja nazo sheria kadhaa zilizotungwa kwa ajili ya India, kama zile za mikataba na ushahidi. Wakili wa mahakama hiyo alikuwa Mzungu au Mhindi, kwa sababu njia ya kuufikia uwakili ilipitia London, katika zile jumuiya nne za kale za mawakili ambako mwanafunzi alipaswa kusoma, kufanya mitihani na kuhudhuria idadi maalumu ya chakula cha jioni kabla ya kuitwa kuwa wakili. Familia ya mfanyabiashara wa Kihindi iliweza kuubeba mzigo huo. Familia ya mvuvi wa Ujiji au ya mkulima wa Kasulu haikuweza hata kuufikiria, na serikali ya kikoloni, iliyotoa misaada ya masomo kwa udaktari, ualimu na kilimo, haikupenda kumlipia Mwafrika asomee sheria, kwa kuwa iliona uwakili kuwa kazi inayozaa wanasiasa.

Pazia lingine lilishushwa kwa sheria ya mwaka 1929 iliyohusu mahakama za wenyeji, yaani mabaraza ya machifu na maliwali yaliyosikiliza takriban mashauri yote ya Waafrika. Sheria hiyo iliyatenga mabaraza na Mahakama Kuu, ikazielekeza rufaa zake kwa maofisa wa utawala hadi kwa Gavana, na mawakili wakapigwa marufuku kuingia humo. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba mwananchi angelindwa dhidi ya gharama na hila za mawakili. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini matokeo yake kwa elimu yalikuwa mazito: palipo na mashauri mengi kuliko pote nchini, hapakuwa na kazi hata moja kwa mtu aliyesomea sheria.

Kazi iliyokuwepo ilikuwa ya karani wa baraza, na njia yake ilipitia shule. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyokuzwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa watawala, ndiyo iliyokuwa kilele kwa kijana wa Jimbo la Magharibi, ambalo baadaye lilijumuisha Kigoma na makao yake yakiwa hukohuko Tabora. Asiyekuwa mtoto wa mtawala alikuwa na bahati finyu. Mwaka 1946 utawala wa Heru uliangukia kwa Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyejulikana kitaifa kwa cheo hicho, naye aliongoza mashauri ya watu wake mpaka vyeo vya machifu vilipofutwa mwaka 1963. Mamlaka yake juu ya mahakama hayakutoka chuoni. Wakati huohuo vijana wa Buha, nchi ya Waha, walikuwa wakiandikishwa kwa maelfu kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na walioitwa manamba walipanda treni ileile ambayo wachache waliipanda kwenda shule. Kwa baba aliyekwisha kufanya mkataba wa mkonge, kumlipia mtoto miaka ya shule ya kati kulikuwa kuweka rehani jasho lake, na cheo cha ukarani kilikuwa na thamani kwa sababu mshahara wake ulilipwa nyumbani, mbele ya macho ya ndugu.

Ulipokaribia uhuru, hesabu ya nchi nzima ilikuwa ya kusikitisha: mawakili Waafrika wa Tanganyika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kamati iliyoongozwa na jaji wa Uingereza, Lord Denning, ambayo ripoti yake ilitoka mapema mwaka 1961, iliona kwamba Mwafrika aliyesomea London alirudi akiwa anazijua sheria za Uingereza asijue chochote cha sheria za mila wala za Kiislamu za kwao, tena kwa gharama isiyobebeka. Kamati ilishauri kifunguliwe kitivo cha sheria Dar es Salaam, kwa ajili ya Afrika Mashariki yote. Tarehe 25 Oktoba 1961 chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la chama cha TANU, mtaa unaoitwa leo Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14, miongoni mwao mwanamke mmoja, Julie Manning, aliyekuja kuwa jaji na waziri wa sheria. Mwaka 1964 chuo kilihamia mlimani Ubungo, na Watanzania wakazoea kukiita Mlimani.

Kwa kijana wa Kigoma, Mlimani iligeuza hesabu yote. Serikali ililipia masomo, malazi na chakula, kwa hiyo bei ya fedha ilibaki nauli na nguo. Na kwa kuwa chuo kilikuwa kimoja, hapakuwa na la kuchagua ila kupata nafasi au kuikosa. Badala yake taifa lilidai malipo ya aina nyingine. Mhitimu alipangiwa kazi na serikali na alifungwa kwa ahadi ya utumishi. Oktoba 1966, wanafunzi karibu 400 walifukuzwa baada ya kuandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, ambalo masharti yake yalijumuisha kutumikia miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara, na Rais Nyerere akajibu kwa kupunguza pia mshahara wake mwenyewe. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilizidisha masharti kwa kutaka mwanafunzi atoke sekondari, afanye kazi kwanza, ndipo afikiriwe kuingia chuo kikuu. Wapo wanaoyakumbuka masharti hayo kama uonevu. Kwa mtazamo wa mkoa maskini, hata hivyo, ni vigumu kuona mpango mwingine ambao ungeweza kumchukua mtoto wa mvuvi wa dagaa kutoka Kibirizi na kumfikisha kwenye darasa moja na mtoto wa waziri pasipo baba yake kuuza hata wavu.

Yaliyofundishwa pia yalikuwa mapya. Walimu kama William Twining katika miaka ya mwanzo, na Yash Ghai aliyekuja kuwa mkuu wa kitivo, waliifundisha sheria pamoja na historia na uchumi wa jamii inayoitumia. Issa Shivji alimaliza shahada yake hapo mwaka 1970, na Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisoma hapo pia. Kamati ya msaada wa kisheria ya kitivo ilianza mwaka 1967. Lakini mhitimu alipelekwa alikohitajika: Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, mashirika ya umma, na kuanzia mwaka 1970 shirika la sheria la serikali lililoyahudumia mashirika hayo. Uwakili wa kujitegemea ulipoteza heshima na wateja baada ya Azimio la Arusha, viwanda na mabenki yalipokuwa mali ya umma. Hakuna kati ya ofisi hizo iliyokuwa na kazi nyingi Kigoma. Rufaa kubwa za mkoa zilisikilizwa na Mahakama Kuu Tabora, umbali wa takriban kilomita 400 kwa reli, ama kwa majaji kuja Kigoma kwa vikao vya muda, na mwenye shauri aliyetaka wakili alilazimika kupanda treni ya usiku, kutafuta chumba cha kulala Tabora, na kuacha huko fedha za mawese aliyouza.

Njia ya pili, ambayo vitabu huitaja kwa mstari mmoja, ndiyo iliyokuwa na maana zaidi kwa wakazi wa ziwani. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliyaunganisha mabaraza ya zamani katika mfumo mmoja wa mahakama za mwanzo, wilaya na hakimu mkazi. Mahakama ya mwanzo iliendeshwa kwa Kiswahili, hakimu akiketi na wazee wa baraza, bila wakili, kwa kuwa marufuku ya enzi za ukoloni iliendelea. Mahakimu wake hawakuwa wenye shahada. Walifunzwa kwa kozi fupi, nyingi zikiwa Mzumbe, Morogoro, ambako chuo cha serikali za mitaa kilichoanza mwaka 1953 kilikuza mafunzo ya utawala na sheria, kisha Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, kikaishika kazi hiyo kwa cheti na stashahada. Aliyemaliza kidato cha nne na akapata nafasi huko alikuwa na uhakika wa mambo matatu: muda mfupi, gharama ndogo, na kazi ambayo ilipatikana katika kila tarafa, ikiwemo ya nyumbani. Hakimu wa mahakama ya mwanzo wa Kasulu au Kibondo aliamua mashauri mengi zaidi ya mirathi, talaka, mipaka ya mashamba na wizi wa ng'ombe kuliko jaji yeyote alivyopata kuamua. Elimu iliyomfikisha hapo ilidharauliwa na wenye shahada, na dharau hiyo haikustahili.

Miaka ya 1990 ilivunja mpangilio wa zamani pande zote mbili, wa bei na wa kazi. Serikali ilianzisha uchangiaji wa gharama, mashirika ya umma yakauzwa, ajira ya kupangiwa ikakoma, na mfumo wa vyama vingi ukarudi. Kigoma Mjini ikawa maarufu miongoni mwa wanafunzi wa sheria kwa sababu ya uchaguzi mdogo wa ubunge wa mwaka 1994, ambao Dk. Amani Walid Kabourou wa CHADEMA aliupinga mahakamani. Matokeo yalitenguliwa, na Mahakama ya Rufani katika uamuzi wake ikagusa mambo mazito, yakiwemo wajibu wa redio ya taifa kutopendelea chama na mipaka ya ahadi za serikali wakati wa kampeni. Shauri hilo lilionyesha kuwa mwambao wa ziwa nao unaweza kuzaa sheria inayosomwa na nchi nzima. Lilionyesha pia kwamba kulikuwa na haja ya mawakili ambao mji wenyewe haukuwa nao.

Vyuo vilivyofuata viliwapa Wanakigoma kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho, yaani uchaguzi. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilimwezesha karani, mwalimu au polisi aliye Kigoma kusoma shahada ya sheria bila kuacha kazi, kwa vitabu vilivyotumwa na mitihani iliyofanyika katika kituo cha mkoa. Hii ndiyo mara ya kwanza ambapo shahada hiyo ilisomwa ziwani kwenyewe. Vyuo vya Tumaini na baadaye Ruaha vilifundisha sheria Iringa, Mtakatifu Agustino Mwanza, Chuo Kikuu cha Zanzibar kikaiweka sheria pamoja na sharia huko Tunguu, na Mzumbe ikawa chuo kikuu mwaka 2001. Familia ililazimika kupiga hesabu mpya. Ada ya chuo cha binafsi ilizidi ya Mlimani, lakini sifa za kuingia zilikuwa nyepesi kidogo na nafasi zilikuwa nyingi; Mwanza ilikuwa karibu kwa basi, ilhali Dodoma na Dar es Salaam zilikuwa njiani mwa reli, na kwa mwanafunzi wa vijiji vya kusini visivyo na barabara ya kutegemewa, safari ilianzia katika mtumbwi wa injini au katika meli ya Liemba, ile iliyoundwa na Wajerumani na kurudishwa majini na Waingereza, mpaka gati la Kigoma. Chuo Kikuu Huria kilikuwa nafuu kuliko vyote, lakini kilidai uvumilivu, kwa sababu mwanafunzi anayesoma usiku baada ya kazi, mbali na maktaba na mbali na wenzake, aliweza kuchukua miaka mingi zaidi ya iliyopangwa.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka uliofuata, iliubadilisha mzigo kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto mwenyewe. Fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi wanaziita bumu, ziliwezesha maelfu kubaki chuoni. Lakini vipaumbele vya mikopo viliwekwa kwanza kwa udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi, na mwanafunzi wa sheria akawa hana hakika. Mwaka 2016 makato ya marejesho yalipandishwa hadi asilimia 15 ya mshahara. Wakili kijana asiye na mshahara, anayeishi kwa kuandika hati za viapo na kusubiri mteja, alikuta deni limemtangulia ofisini.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuja baada ya shahada. Zamani mhitimu alifanya mwaka wa mazoezi chini ya Mwanasheria Mkuu, akasailiwa, akaapishwa na Jaji Mkuu. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo watu wengi wanaiita Shule ya Sheria. Ilianza mwaka 2008 na kukaa Dar es Salaam peke yake, kwa hiyo kila anayetaka uwakili, hata yule aliyesoma Chuo Kikuu Huria bila kutoka Kigoma, alirudishwa kwenye reli. Ilimaanisha ada nyingine, chumba kingine cha kupanga katika mji ghali kuliko yote nchini, na mwaka ambao unarefuka kwa anayeshindwa masomo. Oktoba 2022 matokeo ya mkupuo mmoja yaliyowekwa hadharani yalionyesha kuwa kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo ni 342, na walioshindwa kabisa ni 265. Wizara ya Katiba na Sheria iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na mjadala uliowaka ulihusu ubora wa vyuo, sifa za kujiunga na uwezo wa Kiingereza. Katika mjadala huo gharama haikutajwa ipasavyo: aliyetoka Msasani, Dar es Salaam, alipoteza mwaka, lakini aliyetoka Manyovu, Kigoma, alipoteza mwaka pamoja na shamba la michikichi lililouzwa au kuwekwa rehani.

Kwa upande wa kazi, Kigoma ilikuwa imepata soko ambalo mikoa mingine haikuwa nalo. Wakimbizi wa Burundi waliingia kwa wingi mwaka 1972, tena 1993 na 2015, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilitaka kila ombi la hifadhi lichunguzwe, na mashirika ya misaada yakaanza kuajiri wahitimu wa sheria kusikiliza madai, kufuatilia kesi za ukatili dhidi ya wanawake na kuandika nyaraka za watoto waliotengana na wazazi. Kazi hizo zililipa vizuri kuliko mahakama, ingawa zilifungwa na mikataba ya muda na fedha za wafadhili wa mbali. Ng'ambo ya ziwa, Uvira, Kalemie na Bujumbura zilikuwa na sheria za asili ya Ubelgiji, zilizofundishwa kwa Kifaransa, kwa hiyo mhitimu wa Tanzania hakuweza kuvuka na shahada yake. Hata baada ya Burundi kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, mfanyabiashara wa dagaa mwenye mgogoro bandarini bado anahitaji wakili wa kila upande.

Mwananchi wa kawaida, wakati huo, alihudumiwa na watu wa aina nyingine. Vishoka, yaani watu waliojifanya mawakili bila kusajiliwa, walikaa nje ya mahakama na kuandika hati kwa malipo. Na wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi, walifanya bure kazi ya kueleza haki za ardhi na mirathi baada ya mafunzo mafupi. Wasaidizi hao wanastahili nafasi katika historia hii, kwa sababu katika vijiji vingi vya Uvinza na Buhigwe ndio walioleta elimu pekee ya sheria iliyofika pasipo mtu kusafiri.

Mabadiliko makubwa ya karibuni hayakutoka vyuoni bali mahakamani. Kufikia mwaka 2020 masjala ya Mahakama Kuu ya Kigoma ilikuwa ikisikiliza mashauri yake yenyewe, na treni ya kwenda Tabora ikaacha kuwa sehemu ya gharama ya rufaa. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliruhusu mawakili kuingia katika mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi, yakilegeza zuio lililodumu tangu 1929, na katika mwaka huohuo Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama zote. Nafasi ya hakimu wa mahakama ya mwanzo nayo ilikuwa imekwisha kuanza kudai shahada, hivyo stashahada ya Lushoto imegeuka kutoka kituo cha mwisho kuwa ngazi ya kupandia. Kwa mara ya kwanza, anayetoka kusoma ana ofisi ya kurudia Kigoma, huku majina yaliyopata kuandikwa katika daftari la mawakili wa nchi yakiwa yamepita 10,000 na ushindani wa Dar es Salaam ukiwasukuma vijana kutafuta miji mingine. Vyuo vya sheria, hata hivyo, vinaendelea kufundisha na kutahini kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kasulu analipa ada ya miaka mitatu au minne, na baadaye ya Shule ya Sheria, ili ajifunze kwa lugha ambayo wengi huianza kwa shida kazi atakayoifanya kwa Kiswahili mbele ya wazee wa baraza, na maneno ya kisheria ya Kiswahili anayatafuta mwenyewe akiwa tayari kazini, kutoka kwa makarani na mahakimu waliosoma Mzumbe na Lushoto.